Usiniulize nitaimaliza lini, niulize ilikwama wapi

Sindano ilikuwa bado imechomwa palepale. Nilipofungua ule mfuko na kuikunjua kwilti ya mama, kitu cha kwanza vidole vyangu kukutana nacho ni sindano fupi imeshika kutu, imezama katikati ya mstari wa mishono kama vile aliyekuwa anashona kaitwa mlangoni mara moja na sasa hivi anarudi. Uzi wa kijani wa kama shibiri moja ulikuwa bado unaning'inia nyuma yake. Na pale sindano ilipoingilia kitambaani kulikuwa na doa la kahawia, dogo, saizi ya kifungo cha shati. Nikahesabu miaka nikapata 22.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na kitu hiki, kwilti (kamusi zinaita mfarishi ila mi nimezoea kwilti) ni matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja. Juu kuna uso, ambao mara nyingi ni vipande vidogo vidogo vya vitambaa vilivyounganishwa kwa mpangilio, katikati kuna pamba iliyotandazwa kama shuka nene, na chini kuna kitambaa cha mgongo. Halafu inapita mishono kutoka juu mpaka chini, inayashika matabaka yote ili pamba isije ikajikusanya pembeni moja. Mwishoni kabisa unazungushia mkanda ukingoni. Ukielewa hivo umeelewa kazi nzima, na umeanza kuelewa kwa nini nyingi haziishi, maana hizo hatua kila moja ni kazi ya aina yake na mtu anaweza kuipenda moja akashindwa kabisa kukaa na nyingine.

Mimi nilikuwa na mbili zangu ambazo hazijaisha, hiyo ya mama ikawa ya tatu. Miaka yote nilikuwa najiambia ni uvivu. Kila nikipanga kabati naziona, moyo unashuka, nazisukuma nyuma zaidi. Na watu wanaokupenda nao wanakuuliza vizuri tu, ile kwilti vipi, utaimaliza lini? Hilo swali halijawahi kunisaidia hata siku moja, maana jibu lake ni tarehe, na tarehe nilikuwa nazitoa nyingi.

Kilichonisaidia ni siku niliyozitoa zote tatu nikazitandaza, nikaacha kujisema, nikazikagua kama fundi anavyokagua kitu kilicholetwa kwake kimeharibika. Hapo ndo nikaona kwamba kwilti haiachwi tu hewani, inaachwa mahali. Kuna sehemu unaweza kuwekea kidole ukasema ilifika hapa ikagoma. Na sababu ya kugoma hapo mara nyingi ni kitu kimoja, kidogo, ambacho hukutaka kukikabili siku ile kwa sababu ulikuwa umechoka au ulikuwa huna jibu, ukaikunja ukasema kesho.

Ya kwanza niliianza dada yangu akiwa na mimba. Ilikuwa ya bloku za viraka tisa, yaani unakata miraba midogo ya inchi mbili na nusu, unaiunganisha mitatu mitatu, halafu mistari mitatu inakuwa bloku moja. Ni mpangilio rahisi kuliko yote, wengi ndo tunaanzia hapo. Kila mshono unatakiwa ule robo inchi tu ya kitambaa, sio zaidi sio pungufu, na bloku ikikamilika inapaswa kuwa inchi sita na nusu kabla haijaungwa na wenzake. Nilishona 20 kwa cherehani yangu. Ikaharibika, nikaazima nyingine, nikashona 28 zilizobaki. Zikawa 48, nikafurahi mno, nikazipanga chini, 6 kwa 8, nikaanza kuziunga na hazikukubali. Kona haikutani na kona, mstari huu mrefu ule mfupi, nikawa navuta kitambaa kwa nguvu ili kifike, kikajikunja. Nikaziweka kwenye boksi. Mtoto akazaliwa, akatambaa, akaenda shule.

Miaka 9 baadaye nachukua rula napima bloku moja moja, kitu ambacho kingenichukua nusu saa siku ileile ilivyogoma. Zile 20 za mwanzo zina inchi sita kamili. Zile 28 zina sita na nusu. Kumbe cherehani yangu ile ya kwanza mguu wake (kile kichuma kinachokandamiza kitambaa) ulikuwa mpana, na mi nilikuwa nakiegemeza kitambaa kwenye ukingo wa mguu nikiamini ndio robo inchi, kumbe ilikuwa robo na thumni. Thumni ya inchi, yaani sehemu moja ya nane, ni kitu kidogo sana, ukiangalia kwa macho huioni. Lakini kila mshono unakula pande mbili, kwa hiyo thumni inakuwa robo, na bloku ina mishono miwili kwa kila upande, kwa hiyo robo inakuwa nusu inchi, na ukiweka bloku 8 kwenye mstari hiyo nusu inakuwa inchi 4. Inchi 4 huwezi kuzivuta kwa nguvu zikatosha. Sikuwa nashona vibaya, nilikuwa nashona sawasawa kwa kipimo kisicho sawa, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kabla hujaanza kwilti shona kwanza vipande vitatu vya majaribio, pima cha katikati, kama ulikikata inchi mbili na nusu na sasa kinasoma inchi mbili kamili juu ya uso basi mshono wako uko sawa endelea. Basi. Jaribio la dakika tano.

Wazo la kwanza lilikuwa nifumue zile 20. Nilifumua bloku moja, ikanichukua karibu saa nzima na kitambaa kikachakaa pembeni, nikasema hapana, hii njia itairudisha kwenye boksi. Nikafikiria sana kisha nikafanya hivi: nikakata vipande virefu vya upana wa inchi moja na nusu, kitambaa kimoja cha rangi ya bluu iliyokolea, nikazungushia kila bloku kama fremu ya picha, kubwa na ndogo zote. Zile ndogo zikafika inchi 8. Zile kubwa zikafika 8 na nusu, nikazipunguza kwenye fremu pande zote mpaka nazo zikawa 8. Zikalingana zote 48! Fremu za nyingine nyembamba kidogo, za nyingine nene kidogo, na ukiangalia kwa mbali hiyo tofauti ndo inafanya macho yasitulie, yanatembea tembea, inapendeza kuliko nilivyokuwa nimepanga mwanzo.

Na kuna jambo lingine ambalo mpaka leo nikilifikiria nafurahi. Mpango wa mwanzo ungetoa kwilti ya inchi 36 kwa 48, saizi ya kitanda cha mtoto mchanga. Hizo fremu ziliikuza ikawa 45 kwa 60, na mwenye kwilti sasa ana miaka 9, anajifunika vizuri mpaka miguu. Ningeimaliza kwa wakati isingemtosha leo.

Nikiwa nayo hiyo nikajifunza na mambo ya kukagua kitu kilichokaa sana, nayasema haraka haraka kwa sababu yatamfaa mtu. Ikunjue uitazame kwenye mikunjo, maana kitambaa kikikunjwa palepale miaka na miaka nyuzi zinachoka kwenye ule mstari, na hata isiyoisha inatakiwa ikunjuliwe mara moja moja ikunjwe upya kwa namna nyingine. Toa pini zote, zinashika kutu. Uzi wa zamani ushike uukate kwa mikono, ukikatika kirahisi bila kukusumbua usiutumie hata kama rangi ndo yenyewe. Kama uliwahi kuchora mistari kwa kalamu ile ya kufutika kwa maji, usipige pasi kabla hujaifuta, joto linaweza kuikaza isitoke tena. Na nyekundu, jamani nyekundu, lowesha kitambaa cheupe ukandamize juu yake kabla hujaamua chochote, ikiacha rangi ujue siku ya kufua itaacha zaidi. Usizihifadhi kwenye plastiki iliyofungwa, unyevu ukiingia hautoki, zifunge kwenye shuka safi ya pamba inatosha.

Ya pili ilinigusa tofauti, kwa sababu haikuwa na kosa lolote. Uso wake ulikuwa umeisha kabisa, umepigwa pasi, umekunjwa vizuri. Ni ule mpangilio unaoanza na mraba mdogo katikati, mara nyingi mwekundu, halafu unazungushia vipande virefu upande mmoja rangi za mwanga upande mwingine rangi za giza, Wamarekani wanauita nyumba ya magogo na ule mraba mwekundu wanasema ni moto wa mekoni ndani ya nyumba. Kazi nzuri, niseme tu ukweli, ndo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Na ilikaa miaka 7.

Nilipoiwekea kidole niliona ilikwama pale panapokwama kwilti nyingi kuliko penginepo pote, kwenye kupanga matabaka. Hebu fikiria, mpaka hapo umekuwa ukifanya kazi inayokaa mezani, bloku moja unaishika mkononi, unaweza kushona robo saa ukaacha. Ghafla kazi inakutaka sakafu nzima. Unatandaza mgongo kwanza, ambao umeukata umezidi kama inchi 4 kila upande, unaugandisha sakafuni kwa tepu umekazika ila haujavutika, unaweka pamba juu unailainisha kwa viganja kuanzia katikati kwenda nje, halafu uso, halafu unapiga magoti unaanza kupiga bandi (mishono mirefu ya muda) au kufunga pini, zile za kufungia nepi, kila upana wa ngumi moja, tena kuanzia katikati kwenda nje. Magoti yanauma, mgongo unauma, watoto wanataka kupita, na huwezi kusema ntaendelea kesho kwa sababu sakafu ndo njia ya watu. Kwa hiyo mtu anasubiri siku atakayokuwa na muda wote na nafasi yote na nguvu zote, na hiyo siku haiji.

Na chini ya hiyo sababu kulikuwa na nyingine. Nilikuwa naogopa. Uso ukiwa peke yake bado mzuri, bado haujaharibiwa. Ukianza kupitisha mishono ya juu ndo unaweza kuuharibu, na mi mishono hiyo sikuwa naijua vizuri. Nadhani wengi wenye nyuso nzuri zilizokunjwa kabatini wako hapo, na wanajiita wavivu, na si uvivu hata kidogo, ni mtu anayelinda kitu anachokipenda asikijeruhi kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna watu ambao hiki kikwazo hawanacho kabisa, na kuwasoma kulinifungua macho. Ni Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika ambao mababu zao walivuka bahari zamani, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake wa Kisidi wanashona kwilti zinaitwa kawandi, na namna yao ni kwamba hawaungi uso kwanza. Wanatandaza mgongo, mara nyingi sari kuukuu, wanaanzia kwenye kona, wanaweka kiraka wanakikunja ukingo wanakishona palepale mpaka chini, wanaweka kingine, wanazunguka pembeni pembeni na kuingia ndani, mzunguko kwa mzunguko, mpaka wanakutana katikati. Kuunga na kushikilia vinafanyika kwa mshono mmoja. Hakuna siku ya sakafu. Kiraka kikishashonwa kimeshashonwa, hakuna hatua ya baadaye itakayokuja kukidai tena. Na kwenye zile kona nne wanashonea vipembetatu vilivyokunjwa vya kitambaa, wanaviita phula, yaani maua, na kwao isipokuwa na hayo maua bado haijavaa, haijakamilika. Nilikaa nikaziangalia picha zake muda mrefu sana. Ile mistari inayozunguka ikiingia ndani, mishono mikubwa mikubwa inayoonekana, haijifichi.

Sikuigeuza yangu kuwa kawandi, uso ulikuwa umeshaungwa. Ila nilichukua lile wazo kwamba kazi inaweza kuwa na njia zaidi ya moja ya kufika mwisho. Nikatumia meza mbili zilizosogezwa pamoja badala ya sakafu, nikapanga sehemu ya katikati kwanza, nikaifunga pini, nikavuta, nikapanga upande wa pili, mgongo ukiwa umebanwa na vibanio ukingoni mwa meza. Nilimaliza nimesimama. Na kuhusu ile hofu, nilitengeneza vipande vitatu vidogo vya majaribio, saizi ya daftari, vyenye pamba ileile na kitambaa kilekile, nikaviharibu mpaka mkono ukazoea. Kisha badala ya kuchora maua na mizunguko nikashona mistari iliyonyooka tu, nikifuata vile vipande virefu. Jioni nne. Miaka 7 na jioni nne.

Kama na hiyo inakushinda kuna njia ya kufunga mafundo, inadharauliwa bila sababu. Unachukua uzi mnene, unapitisha chini unarudisha juu, unafunga fundo mara mbili unakata unaacha vijimkia, kila inchi nne au tano, ukisoma kwanza karatasi ya maelezo ya pamba uliyonunua inakuruhusu umbali gani. Kwilti nzima inafungwa wikiendi moja. Ni kwilti halali, itafuliwa itafunika mtu.

Mkanda wa ukingoni nao unawakwamisha baadhi, hasa hesabu yake, kwa hiyo acha niiandike. Ile ya mtoto wa dada ilikuwa 45 kwa 60, ukizunguka pande zote nne ni inchi 210, ongeza 12 za kona na za kuungia mwisho zinakuwa 222. Kitambaa cha kawaida cha kwilti kinakupa kama inchi 40 za kutumia kwa upana wake, ukikata vipande vya inchi mbili na nusu na kuviunga kimshazari kila kiungo kinakula kama inchi mbili na nusu, kwa hiyo vipande 6 vinakupa 227 na ushei. Vinatosha. Unavikunja mara mbili kwa urefu unapiga pasi, unashona mbele kwa cherehani, unageuzia nyuma unamalizia kwa mkono. Mi sehemu hiyo ya mkono naipenda kupita zote, kwilti iko mapajani inakupa joto wakati bado unaishona.

Ya mama sasa.

Nilimpelekea kwanza kabla sijagusa kitu. Macho yake siku hizi hayaoni vya karibu, sindano hawezi tena kutunga, ila mikono bado ni ya mtu anayejua kitambaa. Nikamwekea mapajani. Akaipapasa, akaijua.

Nikamuuliza, mama, hii ilikuwaje ukaiacha? Nilikuwa nimejiandaa kusikia jambo zito. Nilishajitungia kichwani, kwamba labda ni mwaka ule tuliohama, labda ni baba alipoanza kuumwa, labda ni sisi tulimchosha.

"Uzi uliisha, mwanangu."

Nikasema uzi tu?

"Ule wa kijani. Nilitafuta kila mahali, nikipata wa kijani sio ule. Nikasema nitauona tu siku moja." Akanyamaza kidogo. "Halafu siku zikapita."

Nililia nilipotoka pale, na sio kwa huzuni peke yake. Miaka 22 nilikuwa nimeibeba kwilti ile kichwani kama ushahidi wa maisha yaliyomkatiza mama yangu, kumbe ilikwama kwenye rangi ya uzi. Na mi nilikuwepo, ningeweza kumuuliza mwaka wowote, nilikuwa namuuliza utaimaliza lini.

Kuna kijiji Alabama, Marekani, kwenye kona ya mto, kinaitwa Gee's Bend, ambako wanawake weusi wameshona kwilti vizazi na vizazi kwa kile kilichopo, suruali za kazi, mashati, magunia. Mwaka 1942 Missouri Pettway wa hapo alishona moja kwa nguo za kazi za mumewe aliyefariki, ukiziangalia unaona sehemu zilizopauka na kuchakaa. Na ilipofika 1972 ushirika wao ukapata kazi ya kushona foronya za kodrai kwa kampuni kubwa ya Sears, mabaki ya kodrai yakaanza kuonekana kwenye kwilti za kijiji kizima, kahawia, dhahabu, kijani. Kwenye kwilti nyingi za Gee's Bend utakuta mstari unaenda na rangi moja halafu katikati ya safari unageuka rangi nyingine. Kitambaa kilipoishia, kingine kikaendelea. Nilimwonyesha mama hizo picha kwenye simu, nikazikuza, nikamweleza kwa maneno pale asipoona. Nikamuuliza niweke uzi gani. Akafikiri. Akasema weka unaoupenda wewe.

Nikaweka wa njano.

Sindano ilinichukua asubuhi nzima kuitoa. Kutu ilikuwa imeishika pamba, ukivuta inavuta kitambaa. Niliipaka mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti, tone dogo, nikasubiri, nikaishika kwa koleo nikawa naizungusha badala ya kuivuta, nusu mzunguko huku nusu mzunguko kule, mpaka ikalegea. Ikatoka imevunjika jicho. Doa la kutu sikuliondoa. Najua wanaoondoa kwa ndimu na chumvi, na najua kwamba dawa ya kung'arisha yenye klorini inalizidishia kutu, lakini sababu yangu haikuwa hiyo, kitambaa pale kilikuwa kimechoka na mafuta nilishayafuta kwa sabuni laini kiasi cha kutosha, nikaona paachwe.

Mpangilio wa mama ulikuwa wa matao, mistari iliyopinda inayofuatana kama mawimbi, imejaa uso mzima. Sikuelewa aliyachoraje, hayakuwa ya kiolezo, hayafanani kabisa kabisa. Nikampigia. Akaniambia unakita kiwiko pale pembeni, unashika chaki, mkono wako ndo bikari. Unachora tao, unashusha chaki upana wa dole gumba, unachora lingine. Nikakita kiwiko. Nikachora. Tao likatoka kubwa kuliko lake, mkono wangu ni mrefu, nimeurithi kwa baba.

Nilijaribu kwanza kulazimisha yalingane, nikakunja mkono, matao yakatoka yamevunjika. Nikafuta. Nikauacha mkono urefu wake.

Kushona kwenyewe kulikuwa kwa mkono, kastabini kidole cha kati, uzi mrefu kiasi cha kiganja mpaka kiwiko, fundo dogo mwanzoni unalivuta linapenya kitambaa cha juu na kusikika tup, linabaki limejificha kwenye pamba. Halafu sindano inayumba, inashuka na kupanda, unakusanya mishono mitatu minne kwenye sindano kabla hujavuta, na kidole cha mkono wa chini kinasubiri ncha kiguse tu kijue imefika. Mama alikuwa anatoa mishono sita kwa inchi. Mi natoa tisa. Wanasema minane mpaka kumi ndo mizuri, ila ukiiangalia ya mama, mikubwa, imelala kwa mpangilio, haina papara, unajua huyu mtu alikuwa hamkimbilii yeyote. Sikufumua hata mmoja.

Nilimaliza baada ya miezi mitano, nikaizungushia mkanda, nikaifua. Pamba ya katikati ikifuliwa mara ya kwanza inasinyaa kidogo na kitambaa chote kinajikunyata vijikunjo vidogo vidogo, ndo ule ulaini ambao huupati dukani. Ikakauka. Nyuma kwenye kona nikaandika kwa uzi majina yetu mawili na miaka miwili, wa kuanza na wa kumaliza.

Nikampelekea. Akaiweka mapajani kama siku ile, akafumba macho, akaanza kupitisha kidole kwenye tao moja, taratibu, akavuka kwenda lingine, lingine. Alipofika karibu na lile doa akapunguza mwendo. Akavuka. Kidole kikasimama, kikarudi nyuma inchi moja, kikaenda tena mbele.

"Hapa," akasema, "hapa ndo ulipoanzia wewe."